Mtani Aliyelala Kizingitini

Tangu nilipokatisha kisa changu juma lililopita, kwangu hakupitiki. Muuza nyanya ananiuliza, kondakta wa basi ananiuliza, hata shehe wetu, baada ya kusafisha koo mara kadhaa, naye kaniuliza: "Bi Mwanaheri, hicho kifuu kilikuwa na nini?"

Hakikuwa na kitu. Kilikuwa na chai.

Aliyekuta kikao kimeanza avute kigoda, nimpitishe haraka. Mimi ni Mmwera, mzaliwa wa Ruangwa, mkazi wa Nachingwea mjini. Nyumba yangu haijui komeo. Nina wapangaji, nina wateja wa mbaazi na chai, nina hata wageni ambao mpaka leo sijui walikuja kwa nani. Habari ya mji huu hulala kwangu kwanza, ndipo iende kwa mwenyewe.

Mwaka ule halmashauri ya wilaya ilikuwa changa, imerudishwa juzijuzi tu, na ilitenga fungu la kusaidia vikundi vya mchanganyiko. Maana ya mchanganyiko ni wenyeji na wageni, Waislamu na Wakristo, wanawake na wanaume, wazima na walemavu, wote chungu kimoja. Kikundi chetu kikapewa mashine ya kukamua ufuta. Ikasimikwa uani kwangu, mwenyekiti mimi, na mpini wake ukashushwa chini ili Abdalah, ambaye miguu yake ilipooza utotoni, aukamate akiwa amekaa. Mikono ya Abdalah, jamani, ni mikono ya watu wawili.

Lakini mashine ilikuwa ya majaribio. Halmashauri ingetuma mtu aje kutazama tunavyoishi. Akiona hatubaguani, mashine ni yetu. Akiona tunabaguana, inang'olewa, inapelekwa kwa kikundi kinachofuata kwenye foleni. Na kilichofuata kilikuwa cha Ruangwa, cha Kaimu, mdogo wangu wa tumbo moja.

Halafu kuna Auleria, katibu wetu, mke wa Mwalimu Gregori. Mngoni. Na Mngoni na Mmwera, kwetu huku, ni watani. Babu zao waliwafukuza babu zetu, babu zetu wakakimbia, sisi wajukuu tukabakiziwa vicheko. Aliniita "mkimbizi" tangu siku aliyokanyaga uani kwangu. Siku hiyohiyo alitazama vikombe vyangu akasema, "Kumbe Wamwera mna vikombe. Niliambiwa mnanywea vifuu." Nikampa chai kwenye kifuu. Akaenda nacho kwake, akakisugua kwa majani ya msasa mpaka kikang'aa, akakirudisha. Tangu hapo hakunywa chai kwa kitu kingine.

Ndicho kifuu alichokiona Ndugu Kornel, mtu wa halmashauri, siku ya ukaguzi. Sote tumeshika vikombe, Auleria ameshika kifuu. Hapo ndipo tulipoishia juma lililopita.

"Ndugu Mwenyekiti," akauliza Ndugu Kornel, "huyu mama mbona hana kikombe?"

Ningekuwa na akili, ningejibu kiserikali. Nikajibu kinyumbani.

"Huyo ni mtumwa wangu," nikasema. "Babu zake walichoka kutukimbiza wakamsahau njiani. Tukamwokota, tunamfuga."

Wanakikundi wakacheka. Mama mmoja akapaliwa na chai ikabidi apigwe mgongoni. Mimi nikamgeukia Auleria kungoja changu, maana siku zote alinijibu kabla sijafunga mdomo, na jibu lake halikosi pilipili.

Hakujibu. Alikuwa anatazama ndani ya kifuu.

Ndugu Kornel naye hakucheka. Alikuwa mtu mrefu, mpole, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, mgeni kwetu ambaye hata msimu mmoja wa ufuta alikuwa hajaumaliza.

"Mimi natoka Bukoba," akasema. "Kwetu mtu akikunyima kikombe, amekwambia uende zako. Lakini najua huku kuna utani, nimeusikia. Kwa hiyo sitahukumu kwa macho yangu."

"Ni watani hao, Ndugu," Abdalah akadakia kutoka kwenye mashine. "Uliza mji mzima."

"Mji mzima unakula mbaazi hapa," akasema Ndugu Kornel. "Nitamuuliza anayenywea kifuu."

Akachuchumaa mbele ya Auleria ili nyuso zao ziwe sawa.

"Mama, sema bila woga. Wewe na Ndugu Mwenyekiti ni watani?"

Mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Auleria akakiweka kifuu chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Hapana," akasema. "Hatuna utani."

"Mtani," nikamwambia, "huyu ni mtu wa serikali. Yeye usimtanie."

"Sitanii. Watu wananiita Mngoni kwa sababu ya mume wangu. Baba yangu mimi alikuwa Mmatengo. Haya mengine nimevumilia tu, kwa kuwa nyumba ni yake na mashine iko kwake."

Abdalah akaachia mpini. Mafuta yakaendelea kudondoka, kopo likajaa, yakaanza kumwagika chini, na hakuna aliyenyanyuka.

Sasa niwaambie kilichonikata. Wala si mashine.

Mama yangu alipofariki, watu walipoinua jeneza litoke ndani, walimkuta Auleria amelala kizingitini. Kajifunga gunia, kajipaka majivu uso mzima, kajinyoosha kuziba mlango. "Huyu mkimbizi haendi popote," akasema. "Ukoo mzima umezoea kutukimbia. Leo nimemkamata mmoja, simwachii." Waliokuwa wanalia wakacheka huku wanalia. Mimi mwenyewe, yatima wa asubuhi ileile, nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamkomboa kwa jogoo, akaondoka mlangoni, mama yangu akatoka. Ndiyo kazi ya mtani hiyo. Anakutia pumzi pale ambapo pumzi imekuishia.

Mtani ana ruhusa. Asiye mtani akifanya vile, ametukana maiti.

Basi kama Auleria hakuwa mtani wangu, aliyelala mlangoni pa mama yangu alikuwa nani?

Nikamuuliza palepale, mbele ya wote. "Auleria, jogoo wa mama yangu ulimla kama nani?"

Akainuka, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka. Kifuu akakiacha.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema Ndugu Kornel, "sikuja kukutafutia kosa. Lakini fungu hili limetolewa kwa ajili ya mtu kama yule, mgeni asiye na wa kumsemea. Sasa yeye mwenyewe amesema. Nimwache yeye niwasikilize nyinyi?"

Ubaya wa maneno yake ni kwamba yalikuwa ya haki.

"Kamati inakaa Jumatatu," akaendelea. "Akibadili neno lake mwenyewe, hadharani, bila kushikwa mkono na mtu, na mimi nikasikia, nitapeleka neno hilo. Asipobadili, mashine itahama."

"Na mpini?" akauliza Abdalah. "Huko inakohamia wataushusha?"

Ndugu Kornel alimtazama Abdalah, akautazama mpini, akaaga.

Adhuhuri haijafika, mji mzima ulikuwa umeshajua: Mwanaheri mkabila. Miaka ile heri wakuite mwizi. Mwizi atafungwa, atatoka. Mkabila anasalimiwa kwa mbali mpaka anazeeka.

Wakati wa chakula mpangaji wangu mmoja, mwalimu kutoka Moshi, kijana ambaye nilimuuguza malaria kwa mikono yangu hii, alitoka chumbani na kikombe chake mwenyewe. Alikiweka mezani tu, akangoja nimmiminie.

Nikammiminia. Nikaingia jikoni nikajifanya moshi umenipata.

Alasiri nikajikaza nikaenda kwa Auleria. Nje nilimkuta mama yake, Bibi Felomena, amekaa mkekani kwenye jua, blanketi mabegani, anachambua mbaazi kwa vidole vinavyotetemeka. Kifua kilikuwa kimemsumbua tangu mvua za mwisho. Kiswahili chake alikipata uzeeni, kifupikifupi, lakini kwa utani kilimtosha.

"Ee, mkimbizi. Leo watembea. Hakuna mtu anafukuza?"

"Nimechoka, bibi. Mmetukimbiza sana."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamwinamisha. Alipopata sauti akanyoosha kidole kwenye kizingiti cha mlango wake.

"Mimi karibu nakufa. Wewe lala pale. Usipolala, nitajua Wamwera mmefurahi."

"Nitalala, na nitadai mbuzi."

"Mbuzi hakuna. Mdai binti yangu."

Nikamuuliza, "Bibi, marehemu mume wako alikuwa Mmatengo?"

"Nani?" Akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Mume wangu? Mngoni, mwanangu. Masikio yake haya mawili yametobolewa Kingoni, kidole kinapita. Mmatengo wa wapi."

Basi lilikuwa jambo la uwongo. Mngedhani nilifurahi. Ndipo nilipoumia zaidi. Kama tungekuwa tumekosea kabila miaka yote ile, ningesema basi, ni makosa ya kuchekesha, tuyacheke. Lakini utani ulikuwapo, na yeye aliutazama machoni akaukana.

Auleria akatokea mlangoni.

"Mama, ingia ndani, upepo huo." Kisha akanigeukia mimi. "Mwanaheri, usinitafute."

Jina langu lilikuwa halijawahi kupita kwenye mdomo ule. Siku zote mimi ni mkimbizi, mla mizizi ya ming'oko, mjukuu wa waliopanda miti. Amenitukana kwa kila tusi na sikuwahi kutukanika. Siku hiyo aliponiita Mwanaheri, nilitukanika.

"Nimekukosea nini?" nikamuuliza.

"Gregori amehamishiwa Ruangwa," akasema kwa sauti ndogo, kana kwamba hilo ndilo nililouliza. "Kila mtu anatafuta pa kujishikiza."

Akamwingiza mama yake, akafunga mlango. Nikabaki naitazama mbao.

Nafika nyumbani, nani yuko kwenye kiti changu? Kaimu. Ameshuka na lori la ufuta kutoka Ruangwa, mzigo wake wa nguo pembeni, anakula mbaazi na chapati kama mtu aliyetumwa kuzimaliza.

"Pole, dada," akasema kabla sijavua kanga ya kichwani. "Mambo ya kifuu hayo. Pole sana."

Nikalia. Unajua mtu wa damu yako akikupa pole, hata kile ulichokuwa umekikaza kinalegea. Kaimu nimemlea mgongoni. Nilikuwa namtafunia karanga hajaota meno. Akanishika bega, akaniacha nilie, akanisikiliza kisa chote mwanzo hadi mwisho. Alikuwa amevaa makatambuga, viatu vile vya tairi, na kimoja kimekatika mkanda. Nikakivua mguuni mwake, nikakishona huku namsimulia, kwa uzi wa nailoni wa buluu tunaoshonea magunia. Mikono yangu haiwezi kukaa bure nikiwa na uchungu.

"Sasa dada, nikwambie kama mdogo wako," akasema nilipomaliza. "Utani una wakati wake. Serikali haijui kifuu. Wewe jiuzulu kabla ya Jumatatu, kwa heshima yako. Mashine ije Ruangwa. Itakuwa bado iko kwenye damu."

"Na Abdalah?"

"Abdalah hatakosa. Watu wenye huruma wapo."

Abdalah alikuwa uani, anafuta mashine kwa kitambaa kama mtu anayeaga farasi aliyemfuga mwenyewe. Hakugeuka. Alisema tu, "Mimi sikuwa nakamua kwa huruma."

Kaimu akacheka peke yake, akaomba chai. Nilimpa kwenye kikombe kizuri.

Akakaa kwangu siku zote zile, ananifariji. Kila asubuhi, "Dada, umeshaamua?" Kila jioni, "Dada, usijitese." Wapangaji wakampenda. Mimi nikamwona ndiye mtu pekee aliyebaki upande wangu, na nilikuwa nimekaribia kabisa kumwambia sawa, chukua.

Jumapili asubuhi kengele ya kanisa ikalia mlio ambao hata sisi wa msikitini tunaujua. Bibi Felomena alikuwa amefariki. Joto lilikuwa kali, wakasema hatalala, atazikwa jioni ileile.

Nikaenda jikoni, nikafungua gunia tupu la ufuta, nikaanza kulitoboa mahali pa kichwa.

"Unafanya nini?" Kaimu akauliza.

"Bibi aliniagiza."

"Dada, kaa chini. Binti yake amesema mbele ya serikali kwamba hamna utani. Ukilala kwenye mlango ule, si mtani wewe, ni mtu wa fujo msibani. Watakuvuta miguu mbele ya umati. Na yule Kornel atakuwapo, ni Mkatoliki mwenzao. Unataka kumpa ushahidi wa pili? Wewe baki. Mimi nitakwenda kwa niaba ya ukoo, nitashika jeneza, nitatoa ubani. Inatosha."

Yalikuwa maneno ya busara. Akavaa kanzu, akaenda.

Nikakaa na lile gunia mapajani. Abdalah alikuwa ananitazama.

"Yeye akitoa ubani wa ukoo," akasema, "bibi atamjua kwa lipi? Alikuagiza wewe."

"Na kama wakinivuta miguu?"

"Utakuwa umevutwa. Mimi navutwa kila siku, sijafa."

Nikavaa gunia. Nikajipaka majivu usoni, na mashudu ya ufuta kwenye nywele. Kifuu cha Auleria nikakifunga kamba, nikakivaa shingoni. Abdalah akabebwa nyuma ya baiskeli, tukatoka. Sokoni watu waliacha mizani. Wengine walicheka kwa furaha, maana walielewa ninakokwenda. Wengine walitikisa kichwa. Yule mwalimu wa Moshi alisimama na mkate wake, mdomo wazi.

Msibani palikuwa pamejaa mpaka barabarani. Katekista na kitabu chake, Mwalimu Gregori macho yamevimba, walimu wenzake, masista. Ndugu Kornel alisimama karibu na mlango, kofia mkononi. Ndani wimbo ulikuwa unakwisha. Nikapenya, nikasema hodi kwa sauti ya kilevi, nikajitupa kizingitini, kichwa ndani, miguu nje, chali.

"Mzigo huu hautoki," nikasema.

Kilio kikakatika. Wabebaji walikuwa tayari wameshainua, jeneza likasimama juu ya mabega, mbele yake imeshafika mlangoni, juu ya uso wangu kabisa. Sikuona nyuso za watu. Niliona ubao na pindo za kanzu.

"Bibi huyu alitukimbiza maisha yake yote," nikasema. "Hajatukamata hata mmoja. Haiwezekani aondoke kazi haijaisha. Mrudisheni akaanze upya."

Nikangoja kicheko. Pale kwa mama yangu kilikuja mara moja, kama mvua. Hapa hakikuja. Nilisikia mtoto akiuliza, "Huyu ni kichaa?" na mtu akimnyamazisha.

Kisha Mwalimu Gregori, mwenyewe Mngoni, akaachia kicheko kidogo kilichojaa machozi. "Mtani, tutakupa kuku, tupishe."

"Kuku wako sitaki. Wewe mkwe tu, unakula bure hapa. Bibi aliniambia nimdai binti yake."

Hapo wakacheka watu. Si wote.

Nikamsikia Ndugu Kornel, chinichini, "Hii maana yake nini?" Na sauti ya Abdalah juu ya baiskeli ikamjibu, taratibu, neno baada ya neno, mji mzima ukisikia:

"Ndugu, huyu anakombolewa. Mfiwa akimpa kitu, hata sindano, amekiri ni mtani wake. Akisema mtoeni, basi si mtani, ni mwendawazimu, na watamtoa kwa miguu. Hakuna njia ya katikati. Na hakuna aliyemshika mfiwa mkono."

Ndugu Kornel akasogea hatua moja karibu.

Nilisikia kanga zikisugua ukuta. Auleria alikuwa anapita ubavuni mwa jeneza, akaja, akapiga magoti pembeni yangu. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikitazama kifuu kifuani kwangu. Akainama kama anayetaka kuniinua, mdomo wake ukafika sikioni.

"Mkimbizi," akasema.

Jamani, nilikaribia kumsamehe kwa neno hilo moja.

"Jogoo nimeshamfunga tangu asubuhi," akanong'ona. "Nilijua utakuja. Lakini nikikukomboa, yule mtu ataniuliza kwa nini siku ile nilisema hapana. Na mimi, mama yangu akiwa mabegani kwa watu, siwezi kusema uwongo wa pili."

"Sema kweli."

"Kweli ina mtu ndani yake. Alikuja kwangu kabla ya ukaguzi. Akaniambia nikisema neno hilo dogo tu, kule Ruangwa tutapata nyumba, mama mgonjwa asilazwe darasani. Hata habari ya Mmatengo alinifundisha yeye. Sasa mama hataki nyumba tena." Akakigusa kifuu. "Tazama aliyekusimamia kichwani."

Nilikuwa chali. Sikuhitaji kuinua kichwa. Nilizungusha macho tu.

Pembeni ya sikio langu palikuwa na mguu wa kulia wa mbebaji wa mbele. Kiatu cha tairi. Mkanda umeshonwa kwa uzi wa buluu, mafundo mawili, la pili limekazwa zaidi. Mafundo yangu.

Ndipo nilipokumbuka. *Mambo ya kifuu hayo. Pole sana.* Mimi ninayejisifu kujua habari za mji huu zinatembea kwa mwendo gani, sikujiuliza hata mara moja. Lori la ufuta huondoka Ruangwa jua halijachomoza. Saa hiyo Ndugu Kornel alikuwa hajafika kwangu, wala hajakiona kifuu, na mdogo wangu alikuwa ameshafunga mzigo wa nguo za kuja kunifariji.

"Dada," sauti ya Kaimu ikashuka kutoka juu, ya upole, ileile ya kunifariji. "Inuka. Mzigo ni mzito."

"Mama," akauliza Ndugu Kornel, "anakombolewa, au anatolewa?"

Auleria akasimama. Mtu akampitishia jogoo, mwekundu, miguu imefungwa. Akamkumbatia. Hakumtazama Ndugu Kornel, wala hakumtazama mdogo wangu. Alinitazama mimi.

"Mwenye mlango ni yeye," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mtani, nikukomboe?"

Jeneza lilikuwa linaelea juu ya uso wangu. Jogoo alikuwa ananikodolea jicho moja. Na kidole gumba cha mguu wa Kaimu, ninachokijua tangu kilipokuwa kidogo kama punje ya mbaazi, kilikuwa kimejikunja ndani ya kiatu karibu na pua yangu.

Nikisema ndiyo, mdogo wangu anaumbuka; nikisema hapana, mimi natolewa kwa miguu na mashine inahama. Nikafungua mdomo.